Kiporo cha bibi, kimea cha mjukuu

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari cha aina ya pili na anatumia vidonge. Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo umezunguka ujumbe kwamba wali ukipikwa kwa mafuta ya nazi, ukalazwa kwenye friji na kupashwa kesho yake, sukari yake inapungua kwa nusu. Shangazi naye kashikilia kwamba mama aache sembe, ale dona. Wakati huohuo nina mtoto wa miezi minane, na kliniki wameniambia nimtilie kimea kwenye uji ili umeng'enyeke vizuri. Nimechanganyikiwa. Wanga si ni uleule? Mbona wa huyu unatakiwa uchelewe na wa yule uwahi? Jikoni nifanye nini?"

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Halafu nikutoe wasiwasi: hujachanganyikiwa. Umeona jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona, kwamba chakula kilekile kinaweza kuwa dawa kwa bibi na balaa kwa mjukuu, au kinyume chake, bila kubadilisha gunia kililotoka.

Jibu la mkato ni hili. Wanga wa mahindi, mchele au muhogo ukiwa bado ghalani umefungwa. Utakavyogeuka sukari mwilini, kwa dakika 20 au kwa saa 3, hutegemea sana yale uliyoufanyia kati ya ghala na sahani. Umesagwa laini kiasi gani, umepata maji na moto kiasi gani, umepoa kwa muda gani, umekutana na kimeng'enya gani njiani. Mama anahitaji wanga ambao haujafunguliwa wote. Mtoto anahitaji uliofunguliwa. Ujumbe wa WhatsApp una ukweli ndani yake, ila umetiwa chumvi nyingi. Shangazi amepatia nusu. Kliniki wamekuambia sawasawa kuhusu kimea, ingawa sababu kubwa ni nyingine, tutaifikia.

Sasa jibu refu. (Na wanga ninaousema ni wa kwenye chakula, si wale wa usiku.)

Mmea huweka akiba ya sukari yake kwa kuunganisha glukosi moja baada ya nyingine mpaka zinakuwa nyuzi ndefu. Nyuzi hizo ziko za namna mbili. Amilosi ni uzi usio na matawi, au wenye machache mno, na katika mahindi au mchele wa kawaida mara nyingi huchukua asilimia 20 hadi 30 ya wanga wote. Inayobaki ni amilopektini, ambayo ina matawi mengi kama mwembe mkubwa. Zote zimekunjwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya chembe ndogo ajabu. Chembe ya wanga wa mchele ina upana wa mikroni 3 hadi 8 tu. Ya kiazi mviringo huweza kufika mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Unga wa muhogo unaoshika vidoleni ni mamilioni ya chembe hizo, kila moja imejifunga peke yake.

Kama unataka kuona kwa macho yako, nunua chupa ndogo ya ayodini duka la dawa. Kata kipande cha ndizi mbichi, kidondoshee tone moja. Kitageuka bluu iliyoiva kuelekea nyeusi palepale, kwa sababu ayodini hujipenyeza ndani ya uzi wa amilosi uliojizungusha kama springi. Fanya hivyohivyo kwenye ndizi iliyoiva mpaka ganda lina madoa: tone litabaki kahawia vilevile lilivyotoka kwenye chupa. Ndizi mbichi ina wanga kama asilimia 20 ya uzito wa nyama yake, na ikiiva kabisa hubaki kama asilimia 1. Vimeng'enya vya ndizi yenyewe vimezikata nyuzi zote kuwa sukari. Vipande ulivyotilia ayodini vitupe, asivile mtu.

Mwili nao hufanya kazi hiyohiyo ya kukata. Mkasi wake unaitwa amilesi, upo kwenye mate na mwingi zaidi hutoka kwenye kongosho. Lakini mkasi huo lazima uufikie uzi. Ndani ya chembe mbichi nyuzi zimebanana kiasi kwamba amilesi inazunguka nje tu ikikwangua, na kwa chembe za ndizi mbichi na kiazi kibichi hata kukwangua kwenyewe ni kwa shida. Ndiyo maana mtu akila unga mbichi wa ndizi, sehemu kubwa ya wanga wake hupita utumbo mwembamba bila kuguswa.

Sasa simama jikoni utazame sufuria. Umekoroga unga wa sembe kwenye maji ya baridi: maji ni meupe, unga unatua chini, hakuna kinachonata. Unabandika motoni na kuendelea kukoroga. Kwa dakika kadhaa ni maji tu. Halafu joto likifika kwenye nyuzi 62 hadi 72 za Selsiasi hivi, mwiko unaanza kuwa mzito mkononi ingawa hujaongeza chochote. Hapo chembe zinakunywa maji, zinavimba mara nyingi kuliko zilivyokuwa, mpangilio wa ndani unaporomoka, na amilosi inavujia nje na kuyafanya maji yawe mazito. Rangi nayo inabadilika, ule weupe wa chokaa unageuka kuwa wa kung'aa kidogo. Ukiendelea kusonga mpaka harufu ya unga mbichi iishe, umefungua karibu kila chembe iliyomo sufuriani. Ugali wa moto ulioiva vizuri ni chakula ambacho mwili wenyewe hauna la kusubiri.

Maji yana kazi yake hapa. Wanga hauvimbi bila maji ya kutosha hata moto uwe mkali, na ndiyo maana biskuti kavu huwa bado zina chembe nyingi zisizofunguka ilhali zimepita kwenye oveni. (Sizisifu biskuti, sukari na mafuta yake yanatosha kuharibu hesabu.) Upande wa pili kuna mashine za viwandani zinazosukuma unga kwa joto, mgandamizo na msuguano mpaka unatoka umefurika, kama vile vitafunwa vya mahindi vya pakiti na baadhi ya unga wa uji wa papo hapo. Humo wanga haufunguliwi tu, nyuzi zenyewe hukatika. Kwa mama, hivyo viko karibu sana na sukari ya bakulini.

Mwaka 1992 Hans Englyst na wenzake wa Cambridge waliamua kuugawa wanga kwa saa ya ukutani. Uliomeng'enywa ndani ya dakika 20 wakauita wa haraka. Unaochukua kuanzia dakika 20 hadi 120, wa polepole. Ambao baada ya dakika 120 bado upo, wakauita sugu. Huu sugu haupotei. Unateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanauchachua, na katika uchachu huo hutoka asidi fupi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Na gesi pia, nisikufiche.

Kwa hiyo unapoambiwa chakula fulani "hakina sukari nyingi", uliza: kimepikwaje?

Tuje kwenye kiporo, au mwiku kama wasemavyo wazee wa pwani. Wanga ukishafunguliwa na moto, haubaki wazi milele. Ukipoa, nyuzi zinaanza kutafutana na kujipanga upya. Amilosi ina haraka, ndani ya saa chache imeshashikana. Amilopektini na matawi yake huchukua siku kadhaa, na joto linaloipendeza zaidi kwa kazi hiyo ni lile la friji, karibu nyuzi 4. Wewe mwenyewe unajua dalili zake. Ugali wa jana unakatika kwa kisu kama sabuni na umetoa maji pembeni. Wali wa jana punje zimeachana na katikati zimekuwa ngumu. Mkate wa juzi umekakamaa hata ukiwa umefungwa vizuri kwenye mfuko, kwa sababu si kukauka tu, ni wanga kujifunga.

Ukiupasha mkate huo kwenye kikaango, unalainika tena. Ni amilopektini imeyeyuka, kwa kuwa mpangilio wake mpya huachia kwenye nyuzi joto 60 hivi. Lakini amilosi iliyojifunga haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 120, na sufuria ya kawaida haifiki huko. Kwa hiyo ujumbe wa ukoo umesema kweli kwenye hili: kupasha hakufuti kila kitu. Sehemu ya faida inabaki hata wali ukiliwa wa moto.

Ni kiasi gani? Hapa ndipo chumvi ilipomwagika. Mwaka 2015 watafiti wa Indonesia walipima wali mweupe. Uliotoka jikoni ulikuwa na wanga sugu gramu 0.64 kwa kila gramu 100. Uliokaa saa 24 kwenye nyuzi 4 kisha ukapashwa ulikuwa na gramu 1.65. Umeongezeka zaidi ya mara mbili, na kichwa cha habari kikiandikwa hivyo kinavutia. Lakini ukiweka sahani mezani, gramu 100 za wali zina wanga kama gramu 28, na uliogeuka sugu kwa kulazwa ni gramu moja tu. Gramu moja! Watafiti haohao waliwalisha watu 15 wenye afya njema, na eneo la mchoro wa sukari ya damu, yaani jumla ya sukari ilivyopanda baada ya kula, likashuka kutoka 152 hadi 125, yaani chini ya moja ya tano. Huo ni mshuko wa kweli, mkubwa kuliko gramu moja inavyoweza kueleza, na maelezo ninayoyaona yana mashiko ni kwamba sehemu nyingine ya wanga, ingawa haikuwa sugu, ilihama kutoka kundi la haraka kwenda la polepole. Ila si nusu. Na mama akijua wali ni wa friji akaongeza mwiko mmoja juu, faida yote imekwisha.

Hiyo "nusu" nahisi najua ilikotoka. Mwezi Machi 2015, kwenye mkutano wa wanakemia huko Denver, Marekani, kijana wa Sri Lanka aitwaye Sudhair James alieleza jaribio lake: kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kwenye maji yanayochemka, nusu kikombe cha mchele, moto wa taratibu dakika 40, kisha friji saa 12. Yeye na wenzake walisema kwamba wakipata aina bora ya mchele, huenda kalori zikapungua kwa asilimia 50 hadi 60. Huenda. Ilikuwa kazi ya maabara na matumaini ya baadaye. Magazeti yakaondoa "huenda", na WhatsApp ikaondoa yote yaliyobaki.

Wazo la mafuta lenyewe lina msingi. Uzi wa amilosi ukijizungusha huacha tundu katikati, na asidi ya mafuta inaweza kuingia humo ikakaa kama kidole ndani ya pete ndefu, halafu amilesi ikashindwa kukata vizuri. Tatizo ni kwamba mafuta ya chupani na ya kwenye tui karibu yote ni asidi tatu zilizofungwa pamoja, na hizo ni nene mno kuingia kwenye tundu. Zinazoingia ni zile zilizoachana, ambazo ni chache. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, hilo ni kweli, lakini kila gramu yake ina kalori 9 dhidi ya 4 za wanga. Wali wa nazi wa Tanga ule kwa sababu ni mtamu. Usiule kama dawa.

Kabla sijaondoka kwenye kiporo, jambo moja siliachi. Wali una bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani usiku kucha katika joto la pwani, anaamka, anazaliana, na baadhi ya aina zake hutoa sumu isiyoharibika hata ukiupasha wali mpaka utoe moshi. Matapishi makali kwa mtu wa miaka 63 anayetumia vidonge vya sukari si mchezo. Ukitaka kiporo, utandaze wali kwenye sinia pana upoe upesi, uingie friji ndani ya saa moja hivi, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu. Na siku umeme umekatika kuanzia magharibi mpaka alfajiri, kuku wale.

Shangazi na dona yake. Dona ina kiini na pumba, kwa hiyo ina nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini ambayo sembe imeyaacha kinuni. Kwa lishe ya jumla namuunga mkono. Lakini ukilenga kasi ya sukari tu, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mashine ya kusaga haijali kama punje imekobolewa au la. Chembe za wanga zimetolewa kwenye nyumba yake na kupondwa, zikaenda sufuriani zikiwa uchi. Pumba ziko pembeni yake, hazijazizunguka tena. Na kama utamsikiliza shangazi, chagua mahindi makavu yasiyo na ukungu, maana sumukuvu hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, sehemu zilezile ambazo kukoboa huziondoa.

Kama ningekuwa mimi, ningemwambia shangazi: siyo dona, ni makande.

Na hili sisemi kwa mapenzi ya Upareni tu. Mwaka 1988 Kenneth Heaton na wenzake wa Bristol waliwapa watu ngano katika hali nne: punje nzima, punje zilizopasuliwa, unga wa chenga na unga laini. Nafaka ileile, wanga uleule. Insulini iliyotoka, yaani homoni ya kushusha sukari damuni, ilipanda ngazi kwa ngazi, punje nzima ikiwa chini kabisa na unga laini juu kabisa. Kwa mahindi nako, unga laini ulizidi punje nzima na zilizopasuliwa. Kilichobadilika ni ukubwa wa kipande kinachoingia tumboni. Punje ya mahindi iliyochemshwa nzima, hata iwe laini vipi, inafika tumboni vipande vipande, na wanga wa ndani ya kipande unasubiri kipande chenyewe kiliwe kutoka nje.

Maharage yamezidi hapo. Kila seli ya haragwe ina ukuta mnene, na ukilichemsha zima, seli zinaachana moja moja bila kupasuka. Wanga unavimba humo ndani, unaiva, lakini unabaki ndani ya ukuta kama mtu aliyeoga na kuvaa halafu mlango umefungwa kwa nje. Amilesi inapenya kwa shida. Ukisaga maharage makavu kuwa unga kabla ya kupika, umevunja milango yote na faida hiyo imeondoka, ingawa protini bado ipo. Kwa hiyo sahani ya makande, mahindi mazima na maharage mazima, ina wanga uliofungwa mara mbili bila friji, bila umeme na bila ujumbe wa WhatsApp. Mama atafune vizuri kwa raha yake, lakini asiyasage. Kama meno yanamsumbua, mchemshie mpaka yalainike sana. Bado ni bora kuliko unga.

Viazi vitamu nivitaje kwa sababu watu hukosea. Utafiti uliofanyika Jamaika mwaka 2011 kwa aina 10 za viazi vitamu ulikuta vilivyochemshwa vina kiashiria cha sukari, yaani kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu, cha kati ya 41 na 50, wakati vilivyookwa vilifika 82 hadi 94, glukosi yenyewe ikiwa 100. Kiazi kilekile! Kiazi kitamu kina amilesi yake ya asili, na kinapopata moto mkavu wa taratibu, mkasi huo unapata muda mrefu wa kukata wanga kuwa maltosi kabla moto haujauharibu. Ule utamu wa kiazi cha jivuni ndio ushahidi. Mama achemshiwe.

Ndizi za kupika, ukishazipika zimefunguka kama wanga mwingine, japo tayari nimesema mbichi ni sugu. Sifa ya ubichi haihamii kwenye mtori. Muhogo hivyohivyo. Mchele uliochemshwa na maganda yake kiwandani kabla ya kukobolewa, ule wenye rangi ya manjano kwa mbali, mara nyingi huwa wa polepole kidogo kuliko mweupe wa kawaida, kwa sababu wanga wake umeshavimba ukapoa na kujifunga mara moja kabla haujafika kwako. Na mchele unaonata sana una amilosi kidogo, hauna cha kujifunga nacho, hivyo kuulaza kwenye friji ni kazi bure.

Sasa mtoto, na hapa kila kitu kinageuka.

Tumbo la mtoto lina nafasi ya kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wako akiwa na kilo 8, hiyo ni kama mililita 240, kikombe kimoja. Uji mwepesi anaoweza kuumeza una unga asilimia 5 tu hivi, yaani gramu 12 kwenye kikombe hicho, kalori kama 40. Ukiongeza unga ili apate nguvu zaidi, chembe zinavimba, zinagombania maji, na uji unasimama kijiko. Mtoto anautema. Tatizo lake si kwamba wanga haumeng'enyeki, ni kwamba wanga uliovimba umemjazia tumbo maji.

Kimea kinafungua fundo hilo. Nafaka ikiota huunda amilesi nyingi ili imlishe mche mchanga, na ukitia unga wake kidogo kwenye uji mzito, mkasi unaanza kazi sufuriani badala ya tumboni. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walionyesha hapa Tanzania kwamba uji wenye unga asilimia 20, mzito wa kusimamisha mwiko, hulegea ukanyweka kwa kutiwa kiasi kidogo tu cha unga wa nafaka iliyoota. Kikombe kilekile sasa kina gramu 48 za unga na kalori zipatazo 170. Sijui hila nyingine ya jikoni yenye faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Kwa kimea, chukua ulezi. Uoshe, uloweke usiku mmoja, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa chenye unyevu mahali pa giza, uunyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu. Vijimizizi vikitokeza, anika juani mpaka vikauke kabisa, usugue viganjani ili mizizi na machipukizi yakatike, upete, usage. Usitumie moto kukaushia, utaua amilesi uliyoihangaikia. Mtama nao unaota vizuri, ila machipukizi yake yana kemikali inayotoa sianidi, kwa hiyo kwa mtoto mchanga hivi mimi nashauri ulezi, hapo hakuna mjadala.

Siku ya kupika, pika uji mzito mpaka uive. Uondoe motoni, uache upoe mpaka usichemke lakini bado ni wa moto, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kikombe na ukoroge. Ukitia ukiwa unachemka, kimeng'enya kinakufa kabla ya kufanya lolote na uji hautalegea. Wengi huishia hapo wakasema kimea ni uongo. Ngoja kama dakika 10. Utaona uji unaachia mwiko, unaanza kuteleza, na ukionja umekuwa mtamu ingawa hujaweka sukari. Utamu huo ni maltosi. Halafu, tafadhali usiruke hatua hii, rudisha motoni uchemke tena, kwa sababu nafaka iliyokaa na unyevu siku tatu imefuga vijidudu vyake. Haitakuwa nzito tena. Nyuzi zilizokatwa hazijiungi. Tia karanga zilizosagwa au maziwa, mpe.

Bibi asilambe sufuria hiyo. Uji wa kimea, pamoja na togwa tamu ya kimea, ni wanga uliokatwakatwa tayari, unaingia damuni kama umebisha hodi nusu. Akitaka uji, mkorogee uliochachushwa kwa siku moja au mbili bila kimea na bila sukari. Asidi ya uchachu huweza kupunguza kasi ya sukari kupanda, na watafiti wa Lund, Sweden, waliuona mwelekeo huo kwenye mikate ya uchachu. Kibakuli kidogo, na kiasi cha maharage yaliyobaki jana pembeni, ndicho kifungua kinywa ningempa mama yangu.

Kisha mpime, badala ya kuniamini mimi au ukoo. Kama mna mashine ya kupimia sukari, siku moja mpe bakuli lililopimwa la wali wa moto na mboga yake ya kawaida, pima kabla ya kula na saa 2 baadaye. Siku nyingine saa ileile mpe bakuli lilelile la kiporo, siku ya tatu makande. Andika namba kwenye daftari aende nalo kliniki, na vidonge visipunguzwe wala kuongezwa mpaka daktari wake ameliona daftari hilo, hasa kama anatumia glibenklamidi, ambayo inaweza kushusha sukari kupita kiasi chakula kikibadilika. Na ukikuta kabla ya kula mashine inasoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), jaribio la siku hiyo liache. Mkorogee vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji anywe palepale, subiri dakika 15, pima tena.